Ganda la Rangi ya Ufizi

Baba mkubwa wangu alikuwa fundi wa meno ya bandia. Si daktari wa meno. Hilo alilisahihisha hata kwa watu ambao hawakuuliza. "Daktari anang'oa," alikuwa akisema, "mimi naziba pengo." Maisha yake yote ya kazi aliyamaliza kwenye chumba cha nyuma cha kliniki moja, chumba chenye dirisha dogo lililopofuka kwa vumbi la plasta, na mtaa mzima ulimwita Fundi Meno. Ukimwamkia barabarani hakukutazama machoni. Alikutazama mdomoni kwanza, akaguna kidogo, ndipo akakuitikia. Yeye mwenyewe alikuwa na meno yake yote ya kuzaliwa, na mama mkubwa husema hapo ndipo matatizo yalipoanzia.

Mimi ni msusi. Saluni yangu iko chumba cha mbele cha nyumba yao, na ukuta unaotutenganisha ni wa mbao nyembamba, kwa hiyo haya ninayoyasimulia mengine niliyaona na mengine niliyasikia nikiwa na kitana mkononi. Anayebisha aje asimame pale nilipokuwa nimesimama.

Siku alipostaafu walimfanyia sherehe kwenye ukumbi wa juu wa kliniki. Sisi jamaa tuliwekwa meza ya mbele. Meneja, mzee mwenye shingo fupi na meno mazuri kupita kiasi, akasimama kutoa hotuba. Alisema mikono ya Fundi ni ya dhahabu. Alisema yeye mwenyewe amevaa kazi ya Fundi, juu na chini, akatabasamu upande huu na upande ule ili tushuhudie, tukapiga makofi. Kisha akaketi, nyama ikaletwa, na meneja, bila hata kukatiza maongezi, akayachomoa yale meno, akayafunga kwenye leso ya karatasi, akayatia kwenye mfuko wa shati, akaanza kutafuna kwa ufizi.

Mkono wa baba mkubwa ukabaki hewani na kijiko chake. Akageuka polepole kuutazama ukumbi. Wateja wake karibu wote walikuwa wamealikwa, ndiyo heshima yenyewe hiyo, na kando ya kila sahani palikuwa na kifurushi kidogo cha leso. Mama mmoja alikuwa ameyatumbukiza yake kwenye glasi ya maji. Walikuwa wanakula kwa raha zao, wanacheka, mashavu yamebonyea. Mpiga picha alipopita, kila mtu akapachika haraka, akatabasamu, akachomoa tena.

Tulirudi nyumbani kwa miguu. Mama mkubwa alibeba zawadi, saa ya ukutani, akawa anaisifu njia nzima ili kimya kisituelemee.

"Yalikuwa ya picha," baba mkubwa akasema.

"Nini?"

"Meno yangu. Wanavaa wapigwe picha. Kula wanakula na ufizi."

"Sasa kuna aliyekufa njaa?" mama mkubwa akamuuliza. Alidhani anamfariji.

Mimi sikushangaa. Mwanamke atajitazama kwenye kioo changu, aseme amependeza, anishike mkono anishukuru, kisha afike kwake akae kitandani azifumue nywele zote huku ananisonya. Ndivyo wateja walivyo, na sijawahi kukosa usingizi kwa ajili yao. Lakini baba mkubwa aligundua siku moja tu kwamba alikuwa akivishwa kilemba cha ukoka maisha yake yote, na kilimwelemea. Akawa hasemi ila jambo moja, na jambo hilo alilisema kwenye chai, kwenye chakula, na mbele ya wateja wangu waliokuja kusukwa: "Yupo kiumbe hata mmoja anayevaa kazi yangu kwa sababu inamkaa?"

Nilimwambia anywe chai ingali moto.

Akaanza kutembea pwani asubuhi. Pwani yetu si ya kutamanisha mtu. Iko nyuma ya karakana ya friji, ukuta wa zege, mawe yenye utelezi, na maji yakikupwa hubaki vidimbwi vyenye harufu yake. Alikuwa akichuchumaa kwenye vidimbwi hivyo kwa muda mrefu, mikono nyuma, kama anakagua vinywa. Siku moja akarudi na chupa ya jemu yenye maji ya bahari, akaiweka mezani mbele yetu kwa uangalifu mkubwa.

"Nimeletewa mgonjwa," akasema.

Ndani ya chupa mlikuwa na kaa mdogo, hata kidole gumba kinamzidi, amebeba mgongoni kifuniko cheupe cha dawa ya meno.

Kwa asiyemjua kaa huyu, aliumbwa na fundi aliyeacha kazi katikati. Mbele ni kaa kamili: ana gando moja kubwa na jingine dogo, ana macho juu ya vijiti, ana vipapasio vinavyochezacheza, na ana hasira. Nyuma hana kitu. Nyuma ni mkia laini uliojipinda, hauna gamba, na kila mwenye njaa baharini anajua kwamba uko pale. Kwa hiyo hutafuta ganda lililojipinda la kome aliyekufa, akaingia kinyumenyume, akaishi humo na kutembea nalo popote aendapo. Miguu yake ya mwisho ni vijiguu tu, haigusi ardhi. Kazi yake ni kuishikilia nyumba kwa ndani isidondoke. Shida ni moja: yeye anakua, ganda halikui. Basi maisha yake yote yanakwenda kwa kutafuta jingine linalomtosha.

Na pale kwetu maganda hayakuwepo tena. Wauza mapambo walikuwa wameokota yote mazima, wakayapaka vanishi, wakayagundisha kwenye fremu za vioo. Kaa wakabaki kujisitiri na walichopata.

"Kifuniko cha dawa ya meno!" baba mkubwa akasema, na kwa mara ya kwanza tangu ile sherehe sauti yake ilikuwa na uhai. "Angekuwa na kifuniko cha soda ningempita. Huyu alijua anakokwenda."

"Si umtafutie tu ganda kwa hao wauza mapambo?" nikamuuliza.

Akanitazama kama nimemtukania ukoo. Mama mkubwa akanikanyaga mguu chini ya meza, na baadaye jikoni akanieleza vizuri. "Hatafuti ganda," akasema. "Anatafuta mteja."

Na jina likawa hilo, Mteja. Alihamishiwa kwenye beseni la kufulia, pale barazani, likawekwa mchanga na mawe, na kila asubuhi baba mkubwa alikwenda kumchotea maji mapya ya bahari, kwa sababu kaa huyu anapumua kama samaki na maji yakilala anazidiwa. Ili asiwe mpweke alimletea mwenziwe, mkubwa kidogo, aliyekuwa kwenye ganda la kweli la kome lililomeguka ukingoni na kumpwaya hata yeye. Huyo tukamwita Jirani. Mama mkubwa alisema hataki wadudu kwenye beseni lake. Baada ya muda mfupi nikamkuta ameinama barazani anawamenyea kipande cha samaki huku akimgombeza Jirani kwa ulafi.

Asubuhi moja nikasikia mama mkubwa analia. Nilimwacha mteja wangu na nusu kichwa nikakimbilia barazani. Mteja, yule wa beseni, alikuwa amelala juu ya mchanga nje ya kifuniko, miguu imetawanyika, macho meupe. Baba mkubwa alikuwa amevua kofia.

"Hata hakuwa msumbufu," mama mkubwa akasema. "Jirani ndiye alikuwa anastahili."

Tukachimba kwenye chungu cha maua. Mimi nilikuwa nataka kurudi kazini lakini sikuthubutu kusema. Baba mkubwa akamtwaa marehemu kwa vidole viwili, na mama mkubwa akachukua kifuniko akisuuze wakizike pamoja. Mara akapiga yowe na kukitupa. Kutoka ndani ya kifuniko lilikuwa limechomoza gando, limemshika kidole.

Kumbe kaa anapokua hujivua. Hupasua ngozi yake ngumu akatoka nayo yote nzima, ya miguu, ya gando, hata ya macho, akaiacha pale ikikaa kama maiti yake mwenyewe, kisha akajificha mpaka ngozi mpya ikakamae. Tulikuwa karibu kulizika vazi. Mama mkubwa, aliyekuwa bado na machozi mashavuni, alimtukana yule kaa matusi ambayo sikujua kama anayajua.

Baba mkubwa hakucheka. Aliishika ile ngozi tupu juu kwenye mwanga, akaigeuza, akaipulizia.

"Mgonjwa ameniachia kipimo," akasema.

Na ilikuwa lazima aharakishe, maana Mteja alipokakamaa, kifuniko hakikumtosha tena. Akitishwa anarudi nyuma haraka, mwili unaingia, gando linabaki nje, kama mtu aliyefunga mlango koti likabanwa. Jirani akawa anampitia kwa kumkanyaga.

Kazi ikaanza. Baba mkubwa alivaa koti lake jeupe, akatandika gazeti juu ya meza ya chumba cha nyuma, akatoa vyombo vyake: kisu cha nta, tupa, koleo, sufuria ya kuchemshia, mashine ndogo ya kung'arishia. Alichonga nta ikawa mfano wa ule mkia uliojipinda, unene kwa kipimo cha ile ngozi na nyongeza kidogo, mpindo kwa kutazama ganda bovu la kome aliloliokota, akaizungushia plastiki laini, akachemsha. Nta ikayeyuka ikatoka, plastiki ikabaki ngumu na uwazi ndani yake. Plastiki aliyokuwa nayo ni ya meno, kwa hiyo ganda likatoka rangi ya ufizi. Harufu ikapita kwenye mbao ikaingia saluni, na mteja wangu mmoja akaniuliza kama leo nachoma nywele.

"Usimwekee meno tu," mama mkubwa akamwonya.

Ganda la kwanza likawekwa kwenye beseni. Mteja alilikaribia, akaligusa kwa vipapasio, akalibingirisha kwa miguu, akatia gando ndani akapima kuta, taratibu, kama mama anayechagua sufuria sokoni. Baba mkubwa alikuwa amekunja ngumi.

"Sukutua," akanong'ona, kwa mazoea. "Sasa fungua."

Mteja akatoka kwenye kifuniko. Mkia wake ulikuwa mwembamba, wa kusikitisha. Akauingiza kwenye ganda la baba mkubwa, akakaa humo kidogo tu, akajikunja, akajinyonganyonga, akatoka, akarudi kwenye kifuniko chake cha dawa ya meno.

Ganda la pili lilikuwa jepesi zaidi. Likakataliwa. La tatu aling'arisha ndani mpaka ungeweza kujitazama. Likakataliwa. La nne Mteja alilipapasa tu, kisha akaenda kula. Mara tatu za mwanzo ilikuwa vilevile: anapima, anaingia, anajinyonga, anatoka. Hakusema kwamba mikono ya mtu ni ya dhahabu.

Hapo ndipo dereva wa kliniki alipokuja na salamu za daktari mpya. Kliniki ilikuwa imenunua mashine inayotengeneza meno yenyewe, na daktari alikuwa ameweka kabati la kioo pale mapokezi. Aliomba vyombo vya Fundi. Alitaka kuvipanga ndani ya kabati na taa ndogo juu yake, wagonjwa wakisubiri waone zamani ilikuwaje.

Mimi niliusikia ujumbe huo kupitia ukuta na damu ikanichemka. Zamani! Vyombo vilikuwa bado vina joto la asubuhi. Nilikuwa niko tayari kwenda kumwambia dereva aende na kitana changu pia. Lakini nikasikia baba mkubwa anajibu, kwa sauti ya chini sana.

"Njoo Jumamosi na sanduku. Nina mteja mmoja hajaamua. Akikataa mpaka siku hiyo, chukua vyote."

"Vyote, mzee?"

"Vyote. Nitakuwa nimejibiwa."

Usiku huo hakuna aliyekula vizuri, isipokuwa Jirani. Namjua baba mkubwa. Mikono yake haijui kukaa bure. Hata akiongea hukanda makombo ya mkate yakawa magego. Ukimwondolea vile vyombo, nilijua kabisa, tutabaki na mzee anayetazama saa ya ukutani aliyopewa zawadi. Niliogopa. Nilimsuka mtu mstari mmoja ukaenda kombo mpaka sikioni, na mwenyewe akasema amependeza.

Alhamisi mama mkubwa alikuwa anapanga vitu barazani. Ganda la kweli lililokuwa mfano wa baba mkubwa, moja aliloliokota limetoboka mgongoni, lilikuwa dirishani. Akalishika mkono mmoja, na mkono mwingine akashika moja la rangi ya ufizi, akayaweka pamoja yapendeze, ncha juu, mlango mbele.

"Tazama," akaniambia, "pea nzuri. La kulia na la kushoto, kama kandambili." Kisha akayageuza tena. "Lakini huyu kaa si ana mkia mmoja tu? Hayo ya kushoto ni ya nani?"

Nikasogea. Ganda la kweli mlango wake ulikuwa upande wa kulia. La baba mkubwa, kushoto. Tukayaleta mengine. Yote kushoto. Tukamwita.

Alitoka na koti lake jeupe, akayatazama yale maganda, akaketi chini barazani, sakafuni, na koti lake. Nikadhani anaanguka. Kumbe anacheka, cheko lisilo na sauti, mabega yanatikisika.

Fundi wa meno, anapotazama kinywa, mgonjwa ameelekeana naye. Kulia kwa mgonjwa ni kushoto kwake. Ili watu wasitengenezewe gego la upande mwingine, kliniki ina sheria moja ambayo mwanafunzi hufundishwa kabla hata ya kushika kisu: kulia ni kulia kwa mwenye kinywa. Siku zote. Hakuna kulia kwingine. Baba mkubwa alikuwa amelitazama ganda la kome, akaona mlango uko kulia, akajiambia "kulia," akaenda mezani, na mkono wake, bila kumuuliza, ukapindua kama ulivyopindua maisha yake yote. Alikuwa amemtengenezea mkia uliojipinda huku nyumba iliyojipinda kule. Mteja alikuwa anavalishwa kiatu cha mguu mwingine, anavumilia, anavua kwa adabu.

"Na hakunidanganya," baba mkubwa akasema, akijifuta macho. "Mara nne. Hata mara moja hakunidanganya."

Akainuka akaingia chumba cha nyuma, na mashine ikaanza kulia.

Jumamosi asubuhi ganda jipya lilikuwa kwenye kitambaa juu ya meza. Mlango kulia, kuta nyembamba, ndani laini. Lilikuwa bado rangi ya ufizi, hilo halikuwa na dawa. Dereva alifika mapema na sanduku lake. Ni mtu mnene, mpole, mpenzi wa mpira, anayeongea kama yuko redioni hata akiomba maji ya kunywa. Mama mkubwa alimketisha barazani. Mimi nilikuwa namsuka mteja, tukatoka naye, nusu kasuka nusu hajasuka, kwa sababu naye alikuwa amekwisha kulisikia jambo lote kupitia ukuta na hakukubali kubaki.

Baba mkubwa alilizamisha ganda akaondoa mkono.

Mteja alikuja. Akapapasa. Akabingirisha. Akatia gando, akapima kuta, akazunguka nyuma akarudi mbele. Dereva, ambaye alikuwa ameelezwa habari kidogo tu, akaanza kunong'ona, "Anausoma mchezo, anausoma..." Mama mkubwa akamkata jicho. Mteja akachungulia huku na huku, na kwa haraka ambayo ungekosa kuiona ukipepesa, akatoka kwenye kifuniko akapiga mkia ndani ya lile ganda.

Tukasubiri ajinyonge.

Hakujinyonga. Alirudi ndani, akarudi zaidi, na gando lake kubwa likaja likakaa mlangoni likauziba sawasawa, pasibaki upenyo. Kisha akachomoza, akatembea. Alitembea beseni zima. Alipanda jiwe ambalo hajawahi kulipanda.

Nililia, sioni haya kusema. Mteja wangu wa nusu kichwa alilia pia, naye hatuhusu kabisa. Baba mkubwa alisimama tu, mikono imelegea kando, kama mtu aliyetua mzigo na bado hajaamini kwamba hana kitu mkononi.

"Limemkaa," akasema.

Ndipo tukasikia mlio. Ko, ko, ko. Jirani alikuwa ametoka kona yake, amelishika lile ganda jipya kwa miguu, na analigonga kwa ganda lake mwenyewe. Anagonga, anapumzika, anagonga. Mteja alikuwa amejifungia ndani.

"Mtoe huyo!" mama mkubwa akapiga kelele. "Huyo mshenzi nilimjua tangu siku ya kwanza!"

"Acha," baba mkubwa akasema.

"Anamvunjia nyumba mtu!"

"Acha, mama. Acha kwanza nione."

Dereva alikuwa amesimama sasa, hajizuii tena. "Jirani anashambulia! Mteja analinda lango! Usitoke, kijana, usitoke! Anagonga tena, hatari, hatari langoni..." Ko, ko, ko. Nami nikajikuta nampigia Mteja makofi. Lakini kila mmoja ana mwisho wa uvumilivu. Baada ya mapigo mengi gando likalegea, na Mteja akatolewa nje na mkia wake uchi, akajikunja pembeni ya jiwe. Jirani akamwachia, akaligeukia ganda lenye rangi ya ufizi, akatia gando akapima mara moja tu, akatoka kwenye lake akaingia.

Lake, tafadhali, lilikuwa ganda la kweli. La kome, la baharini, lenye michirizi. Akaliacha limelala mchangani kama chupa tupu.

Mama mkubwa alikuwa ameinua mkono kumwadhibu. Akamwona mumewe usoni, akaushusha.

"Wamegombania," baba mkubwa akasema. "Mmeona wote. Wamegombania kazi yangu." Akamgeukia dereva. "Umeona?"

"Nimeona, mzee. Bao la wazi."

"Ameacha la bahari akachukua langu."

Mteja, maskini, alisita, akaliendea lile la kweli lililoachwa, akalipima, akaingia kwa sababu uchi haupendezi. Mimi nilidhani yameisha hapo: kila mtu na nyumba yake, na lake si baya. Lakini hakukaa. Alimfuata Jirani kwa nyuma, mdogo, na hilo ganda linampwaya, akamshika ukingoni akaanza kugonga. Alikuwa hana nguvu za kumtoa, hata yeye alijua. Aligonga hivyo hivyo. Ko. Ko.

Baba mkubwa akainama mpaka pua ikakaribia maji.

"Nimekusikia," akamwambia. "Subiri. Lako jingine nalitengeneza sasa hivi." Akanyooka, akafunga vifungo vya koti mpaka shingoni, akaingia chumba cha nyuma. Tukasikia kiberiti, kisha maji yakianza kuchemka, kisha tupa.

Dereva akaketi tena na sanduku tupu mapajani. Sikumwona akijiandaa kuondoka. Mama mkubwa akamletea chai. Simu ya dereva ikalia, akapokea, na sote tukaisikia sauti ya daktari mpya ikiuliza vyombo viko wapi, maana alikuwa amekwisha kuwasha ile taa ya kabatini.

Dereva akalitazama beseni, akautazama mlango wa chumba cha nyuma, akaikinga simu na mdomo kwa kiganja ili asisumbue kazi.

"Leo haviji, daktari," akasema kwa sauti ya chini. "Mzee ana wateja. Na kuna foleni."